Kamera ya Ndege: Tuiuze au Tuitunze?



Juma hili tunaomba kuandika juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, pengine kwa upole na pengine kwa ukali: ile kamera. Kama wengi mnavyofahamu, mfadhili mmoja asiyependa kutajwa jina aliiachia parokia yetu kamera mpya ya daraja la juu pamoja na lenzi ndefu, akitamani itumike kupiga picha za ndege wa upande huu wa kusini. Katika kikao cha Halmashauri ya Walei liliulizwa swali la haki kabisa: mali yenye thamani kubwa namna hii ina nafasi gani katika parokia ambayo kigango chake kimoja bado kinasali chini ya mwembe? Wapo waliosema iuzwe na fedha zinunue mabati. Mfadhili alipoulizwa, aliturudishia uamuzi.

Maoni yetu ni kwamba ibaki, ila kwa masharti. Hata hivyo hatuwezi kuyaeleza masharti hayo kabla ya kuieleza mashine yenyewe, maana wengi tunaibishania bila kuijua. Tumekaa nayo kwa miezi michache sasa, Masasi chini ya milima ya mawe na Newala juu ya uwanda, na tumejifunza inachoweza na kisichoweza.

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo iliyozua mjadala. Hatutaji chapa ya kamera yetu, maana ukurasa huu si duka, lakini mfano wa jamii yake si siri. Kamera ya Nikon Z8 ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa Marekani kwa karibu dola 4,000, na lenzi ya milimita 180 hadi 600 iliyotoka mwaka huohuo iliuzwa kwa karibu dola 1,700. Vyote viwili vinapita shilingi milioni 13. Mkulima wetu wa korosho, hata akibahatika kupata shilingi 4,000 kwa kilo, atahitaji kupeleka ghalani zaidi ya tani 3 ili kufikisha fedha hizo, kabla hajalipa salfa, wapaliliaji na magunia. Anayeguna akisikia hesabu hii ana haki ya kuguna.

Sasa mashine yenyewe. Kwa miaka mingi kamera ya mpiga picha wa ndege ilikuwa na kioo kidogo ndani yake, kilichokaa kimshazari mbele ya filamu, na baadaye mbele ya kihisi cha mwanga. Kioo hicho kiliupeleka mwanga kwenye jicho la mpiga picha. Alipobonyeza, kioo kiliinuka, shata ikafunguka na kufungwa, kioo kikarudi. Kishindo kilisikika, ndege akashtuka, na kwa nukta ileile ambayo picha ilipigwa mpiga picha hakuona kitu.

Kamera hizi mpya hazina kioo hicho. Mwanga huanguka juu ya kihisi wakati wote, na mpiga picha hutazama kiskrini kidogo ndani ya kitazamio. Ya kwanza ya aina hii yenye lenzi za kubadilisha na mfumo wake wenyewe ilikuwa Panasonic Lumix G1 ya mwaka 2008. Wapiga picha wa ndege hawakuikimbilia aina hiyo, kwa kuwa ilikuwa nzito kufuata kitu kinachokwenda kasi. Mambo yalibadilika hatua kwa hatua. Mwaka 2017 Sony ilitoa kamera ya a9 iliyopiga picha 20 kwa sekunde bila kitazamio kuwa giza hata kidogo. Mwaka 2020 Canon EOS R5 ilikuja na uwezo wa kumtambua ndege na kulitafuta jicho lake. Mwaka 2021 Nikon Z9 iliondoa kabisa shata ya chuma. Na Z8 tuliyoitaja iliongezewa mwezi Februari 2024 utambuzi maalumu wa ndege kwa kubadilishiwa tu programu yake ya ndani.

Wapendwa, jambo hili la jicho ndilo linalowashangaza vijana wetu, na kwa kweli linashangaza. Unaielekeza lenzi kwenye mkorosho, na kabla hujamwona ndege vizuri kijisanduku kidogo kimekwisha kutua juu ya jicho lake, kinamfuata anaporuka kutoka tawi hadi tawi. Mashine imefundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi mno za ndege, ikajua mchoro wa kichwa, mdomo na jicho. Katika lenzi ya milimita 600, ndege akiwa umbali wa mita 10, eneo linaloonekana wazi lina kina cha sentimita 10 tu au pungufu. Zamani mkono wa mtu ulilazimika kulilenga jicho ndani ya wembamba huo. Leo mashine inalenga.

Lipo na jingine. Kidole cha binadamu huchelewa. Mdiria akiacha tawi kuelekea majini, ubongo ukaona, kidole kikabonyeza, ndege amekwisha kuondoka. Baadhi ya kamera hizi, mtu akiwa ameshikilia kitufe nusu, huweka picha za muda mfupi uliotangulia, na akibonyeza kabisa hutunza pia zile za kabla ya kubonyeza. Katika Z8 zinaweza kutunzwa za hadi sekunde moja nyuma. Haya yote hufanyika kimya. Tuliijaribu katika misa ya ubatizo, na hakuna aliyegeuza shingo.

Hata hivyo tumegundua upesi kwamba mashine inayojua jicho la ndege haimjui ndege. Haijui kwamba ndege wa Masasi huamka kabla ya jua kupiga mawe, na kwamba kufikia saa tatu asubuhi, hasa miezi ya Septemba na Oktoba, mawimbi ya joto hupanda kutoka ardhini na kuiharibu kila picha ya mbali, hata lenzi ingekuwa ya dhahabu. Haijui kwamba juu ya uwanda wa Makonde maji ni haba, mchanga ukiyanywa yote, kiasi kwamba wananchi wameteremka mabondeni kuyatafuta tangu enzi za mababu. Anayelijua hilo huweka kigae cha chungu chenye maji chini ya mti wa kivuli wakati wa kiangazi, akakaa mbali kimya. Njiwa, choozi na shomoro watakuja wenyewe. Kigae hicho hakina bei, na kimetupatia picha nyingi kuliko safari zote.

Hali kadhalika haijui faida ya ukingo wa Newala. Wanaopafahamu Shimo la Mungu wanajua jinsi ardhi inavyokatika ghafla chini ya miguu na bonde la Mto Ruvuma likatanda mbele, na ng'ambo yake Msumbiji. Mahali pengine mpiga picha humwona mwewe kutoka chini, tumbo jeusi katika anga nyeupe. Pale ukingoni hewa inayopanda huwainua mwewe na tai, nao hupita usawa wa macho yetu, na wakati mwingine chini yetu, migongo yao ikiangaziwa na jua. Jambo hilo hatukulisoma katika kijitabu cha maelezo. Tuliambiwa na wachungaji wa mbuzi.

Kuhusu matumizi tunasema machache, kwa ajili ya vijana wa VIWAWA watakaoishika. Ndege aliyetua mpige kwa kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde au zaidi. Anayeruka anataka sehemu moja ya 2,000, na mbayuwayu zaidi ya hapo. Usibadilishe lenzi kwenye upepo, kwa kuwa vumbi la barabara zetu hupenda kulala juu ya kihisi. Beba betri ya akiba, maana skrini hula umeme hata usipopiga picha. Na usikishikilie kitufe kwa uroho. Picha 20 kwa sekunde ni picha 1,200 kwa dakika, na mtu atakayekaa usiku kuzichambua ni wewe mwenyewe. Katika asubuhi moja yenye picha 2,000, tukipata 5 za kutunza tunashukuru.

Tukiisha kusema hayo, tunafika kwenye kiini cha maoni yetu. Siku moja tulimwonyesha mzee mmoja wa kigangoni picha ya ndege mdogo wa kichakani, ambaye sisi tulikuwa tumemwandika kwenye daftari kama "ndege wa kahawia". Macho ya mzee yamepungua nuru, na ndege wa ukubwa ule hawaoni tena mtini. Tukaikuza picha mpaka ikajaa skrini yote. Akatazama, akatabasamu, akamtaja kwa Kimakonde, kisha akaeleza analala wapi, anakula nini, na kwa nini mama zetu hawakupenda akilia karibu na nyumba jioni. Vijana watatu waliokuwapo, wote wazaliwa wa kijiji kilekile, hawakuwa wamelisikia jina hilo kamwe.

Je, ni nani kati ya waliokuwa pale aliyekuwa na kifaa cha thamani zaidi? Kamera ililiona jicho. Mzee alikuwa na jina. Vijana walikuwa na miaka mingi mbele yao ya kulibeba jina hilo, na hawakuwa wamepewa. Hapa ndipo penye hatari yenyewe, wapendwa. Wazee wetu wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao wanaondoka mmoja mmoja, nasi tunawazika kwa heshima, lakini pamoja nao tunazika majina. Na vichaka vilivyofunika uwanda vimepungua mwaka hadi mwaka kwa ajili ya korosho, mihogo na kuni. Ndege asiye na jina hakuna atakayegundua kwamba hayupo.

Hii si mara ya kwanza kamera kufika kwetu. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijaisha katika kusini yote, na kumbukumbu ya misheni ya Masasi kuchomwa mwaka 1905 ikiwa mbichi, Dakta Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alifika Masasi na Newala. Alikuja na kamera ya vioo vya picha, mashine ya sinema na mashine ya kunasa sauti. Aliwapiga picha wazee wetu, ngoma zetu na kazi za mikono yetu. Kioo kimoja kilikuwa picha moja, kizito na chepesi kuvunjika, na kila kimoja kilipaswa kusafishwa kwa dawa na maji katika nchi isiyo na maji. Matunda ya kazi ile yakaenda Leipzig, na kitabu chake kikachapwa huko kwa Kijerumani mwaka 1908. Wajukuu wa waliopigwa picha hawakuachiwa nakala ya kuwaonyesha watoto wao.

Tunaikumbuka habari hiyo bila kinyongo, kwa ajili ya swali moja tu. Leo kamera iliyo bora kuliko zote alizoweza kuziota Dakta Weule iko mikononi mwetu wenyewe. Picha zitakwenda wapi? Ikiwa zitakwenda kwenye simu za watu wachache ili zisifiwe kwa siku mbili na kusahauliwa, basi waliosema iuzwe wamesema kweli, na sisi tutakuwa wa kwanza kuipeleka sokoni.

Seminarini tulifundishwa kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino alitofautisha mambo mawili yanayofanana usoni: bidii ya kujua, ambayo ni fadhila, na udadisi usiotulia, ambao ni kilema. Wa kwanza hutafuta kujua kitu ili akitendee inavyostahili. Wa pili hutafuta kuona tu, akiisha kuona hiki anataka kile. Kamera ghali huweza kuwatumikia wote wawili. Anayeinunua ili awe nayo, kesho atasikia imetoka nyingine yenye picha nyingi zaidi kwa sekunde, na amani yake itakwisha. Bwana wetu alipowaambia wanafunzi wake wawatazame ndege, hakuwataka wahesabu picha. Aliwataka wajifunze jambo kwa kutazama, na kutazama huko hakuhitaji betri.

Kwa hiyo tunapendekeza masharti yafuatayo, nasi tutayafikisha rasmi mbele ya Halmashauri ya Walei.

Kwanza, kamera iwe mali ya parokia, ikae chini ya VIWAWA kwa daftari la kuichukua na kuirudisha, na asiwepo mwenye kuimiliki peke yake, paroko akiwa wa kwanza kufungwa na sharti hili.

Pili, kila picha ya ndege inayotunzwa iandikiwe tarehe, mahali, na jina lake kwa lugha ya wazee wa mahali hapo, kisha kwa Kiswahili. Wawili wawili, kijana na mzee, ndiyo timu tunayoitaka.

Tatu, kiota kisisogelewe wala kutangazwa kilipo. Picha ya makinda haifai ikiwa mama yao ameyakimbia, na mwewe huona vizuri mahali ambapo watu wamekusanyika. Wala tusiwachezee ndege sauti zao kwenye simu ili watoke, maana ndume huacha kula na kulinda kiota akimfukuza adui asiyekuwapo.

Nne, picha zibaki hapa kwanza. Zichapwe, zibandikwe katika shule zetu za msingi na ukumbini. Baada ya hapo zitumwe kwa wanaokusanya kumbukumbu za ndege, kama Atlasi ya Ndege wa Tanzania, kazi iliyoanza miaka ya 1980, na eBird iliyoanza mwaka 2002, ambako mtu yeyote anaweza kuandika alichokiona. Watalii wenye lenzi ndefu huelekea zaidi Serengeti na Ngorongoro. Misitu ya miombo kati ya Masasi na Tunduru na mapori ya Lukwika-Lumesule kando ya Ruvuma huwaona wachache. Sisi tunaoishi huku tukinyamaza, nani atasema kwa niaba ya ndege wetu?

Tano, kamera ijilipie. Itumike katika harusi, kipaimara na jubilei kwa malipo ya haki, na kila shilingi iende kwenye mabati ya kigango kile. Baada ya mwaka mmoja tukae tena. Ikiwa daftari la majina ni tupu na mabati hayajanunuliwa, iuzwe bila mjadala.

Kuna jambo la mwisho, nalo linahusu manati. Baadhi yenu mmesema tungeanza kwa kuwakamata watoto wanaopiga ndege. Tunaomba tuwe na huruma na akili. Wapo watoto wanaopiga ndege kwa mchezo, na hao wafundishwe. Wapo pia wanaopiga kwa sababu nyumbani mboga ni majani ya kunde siku zote, na mtoto wa namna hiyo hatumfundishi kwa viboko. Tulichokiona ni hiki: mtoto mwenye shabaha ya manati ndiye mwenye jicho la kumwona ndege kabla ya wengine wote. Anajua anatua wapi na anarudi saa ngapi. Tulipompa mmoja wao kitazamio aangalie, alikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akauliza kama yule ndege ndiye huyohuyo anayempiga kila siku nyuma ya nyumba. Hatukumhubiria. Tulimwomba atupeleke kesho yake mahali anapopatikana, akatupeleka, na sasa yeye ndiye anayetutangulia kila Jumamosi. Hatudai kwamba ameitupa manati. Tunasema ana kazi nyingine pia.

Wapendwa, wenye maoni tofauti waje kikaoni wayaseme, maana hoja ya mabati ni hoja ya haki na haiwezi kujibiwa kwa picha nzuri peke yake. Wakati tukiusubiri uamuzi, tunaomba kila Jumuiya imteue mzee mmoja anayejua majina ya ndege, wa Masasi na wa vijiji vya kuelekea Newala, nasi tutamfuata nyumbani kwake tukiwa na picha. Wenye pikipiki wajitolee kutubeba. Tutaanza Jumamosi ijayo, baada ya misa ya asubuhi, kabla jua halijawa kali.